Signet ya Pweto

Kompyuta iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa ina harufu yake siku ya kwanza: vumbi linaloungua taratibu, na chini yake kitu kama plastiki iliyosahauliwa juani. Juzi kazini walituletea moja iliyokuwa imetupwa stoo. Niliibonyeza, ikaguna, harufu ikapanda, nami nikajikuta nimekaa wima, mikono mapajani, kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu. Mwenzangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, niko Makomeno tu, mtaa nilikokulia. Akacheka, maana ofisi yetu iko mjini na sikuwa nimeinuka kitini tangu asubuhi.

Ninyi wa rika langu mtaikumbuka miaka ile. Kompyuta haikuwa ya kila mtu, na mwanafunzi wa chuo aliyetaka kumaliza masomo alizunguka Lubumbashi nzima na karatasi alizoziandika kwa mkono, akitafuta mtu wa kumpigia chapa. Katika barabara yetu mtu huyo alikuwa mama yangu. Tulikuwa tumepanga nyumba ya mbele, ile inayotazama barabara, na sebule ndiyo ilikuwa ofisi. Kulikuwa na meza chini ya dirisha, kompyuta yenye mgongo mkubwa kama wa ng'ombe, na printa iliyotafuna karatasi kila ilipokasirika. Wateja walimwita Mama Numbi. Numbi ni mimi, kwa hiyo nilijihesabu mwenye ofisi, na nilimwamkia kila mteja kwa majivuno yasiyo na sababu.

Kisha habari ikaja kwamba Kambo, mama yake baba, anaumwa huko Pweto, kando ya ziwa. Papa alifunga begi dogo. Mimi nilishika suruali yake nikalia, si kwa ajili ya Kambo ambaye nilimjua kwenye picha tu, bali kwa ajili yangu mwenyewe. Akachuchumaa pale mlangoni.

"Numbi, usilie. Kambo akipona ninarudia. Nitapiga hodi ku hii mulango, na weye njo utanifungulia. Unasikia?"

Nilisikia, tena nilisikia kupita kiasi. Mtoto ukimpa kazi ndogo anaibeba kama msalaba. Tangu siku ile kila hodi ilikuwa yangu. Nilikimbia, nikamfungulia muuza mkaa, nikamfungulia mwanafunzi, nikamfungulia jirani aliyekuja kuomba chumvi, na kila mmoja nilimtazama kwa hasira kwa sababu hakuwa Papa.

Alikawia. Mama mmoja anayeleta samaki wakavu kutoka ziwani alipita kutuambia kwamba Papa ni mzima, Kambo bado yuko kitandani, na simu ya Papa ilianguka majini siku alipopanda mtumbwi. Simu ndiyo iliyoijua namba ya mama, si Papa. Baada ya hapo kimya. Na kimya katika barabara yetu kilikuwa na wenyewe. Kwenye bomba la maji wanawake walicheka kwa sauti ambayo watoto wanatakiwa wasiielewe. "Mwanaume wa Pweto akionja tena samaki ya kwabo," alisema mmoja, "kurudia inakuwa kazi." Nilidhani wanazungumzia chakula. Nikamwambia mama atafute samaki wazuri, basi Papa atarudi. Mama akaniambia niende nikanawe miguu.

Halafu mwenye nyumba akaja, kofia mkononi, na sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Mama Numbi, munisamehe. Dada yangu anarudia na batoto yake, hana fasi. Mutaikala mu annexe. Ni parcelle ileile, mulango tu njo inabadirika."

Annexe ilikuwa nyumba ndogo nyuma ya kiwanja, ukipita choo na mpapai. Tulihamisha vitu kwa mchana mmoja. Kompyuta ilibebwa na wanaume wawili kama mgonjwa, na wateja wakaendelea kuja, wanapita uani wakiuliza njia. Kwa mama jambo hilo lilikuwa usumbufu. Kwangu lilikuwa msiba. Mlango tu ndio unaobadilika, alisema mwenye nyumba, na mlango ndio ulikuwa kila kitu! Papa alisema *hii mulango*. Atakuja, atapiga hodi palepale, na atakayemfungulia ni Gracia, binti wa yule dada, mtoto wa umri wangu mwenye ribbon nyeupe na meno yote ya mbele. Niliona wazi jinsi mambo yatakavyokwenda. Papa amechoka na safari, anaona mlango wake, anaona msichana mdogo anamfungulia, anaingia, anavua viatu. Nani atamwambia kwamba huyo si mimi? Nilianza kumchukia Gracia kabla hajanikosea chochote.

Nikitoka shuleni nilikwenda kukaa kwenye ngazi ya mbele, ngazi ambayo haikuwa yetu tena. Mama yake Gracia alinipa karanga na kuniuliza nyumbani kuna nini. Nilikula karanga, macho yangu barabarani.

Sasa hapa lazima nieleze lugha yetu kidogo, kwa faida ya msomaji wa mbali. Lubumbashi mahali tunapaita "fasi", na hatusemi "sisi". Tunasema "siye". Siye tunaenda, siye tunakula, hii ni ya siye. Shikeni neno hilo.

Kati ya wateja wa mama alikuwepo mwanafunzi mmoja, Crispin, kijana mrefu anayeomba radhi kwa kila kitu. Kazi yake ya kumaliza masomo ilihusu biashara ya samaki wakavu, na sehemu yake kubwa ilikuwa juu ya Pweto. Nadhani mama aliipokea kwa sababu hiyo. Mimi hakika niliipenda kwa sababu hiyo. Pweto ni neno fupi, nililijua sura yake, na kila mama alipolipiga nililiona likitokea kwenye kioo, herufi kwa herufi, nikajiambia kwamba mtu yuko pale ndani.

Siku moja Crispin aliingia annexe amenuna. Mwalimu anayemsimamia, ambaye wote walimwita promoteur, alikuwa amemwambia aongeze kurasa mwanzoni. Alikwisha kuziongeza, na sasa kila alipokuwa ameandika "tazama ukurasa fulani", ukurasa huo ulikuwa na maneno mengine kabisa.

"Mama Numbi, pardon, masini inanidanganya."

"Masini haidanganye muntu," alisema mama bila kugeuka. "Ni weye ulinipa namba. Namba iko ya fasi, haiko ya neno. Ukiingiza bingine mbele, neno inasukumwa nyuma, na namba inabakia palepale, inaonyesha bantu bengine."

Nilikuwa chini ya meza na daftari langu. Niliacha kuandika.

"Sasa tutafanya namna gani?"

"Tunaweka signet. Apa, ku neno Pweto. Signet inashikana na neno, haishikane na fasi. Neno ikisukumwa, signet inaenda nayo. Ata ukiongeza kitabu muzima apa mbele, ukiiuliza masini, itatafuta signet na itakuambia iko page gani."

"Siione."

"Haionekanake. Ata ku karatasi haitoke. Lakini iko."

Signet ni Kifaransa, ile alama unayoiacha ndani ya maandishi ili upajue mahali. Mama alilitamka kama tunavyolitamka sote: sinye. Na mimi, chini ya meza, mwenye masikio yaliyokwisha kujaa Pweto na milango, nilisikia *siye*. Tunaweka siye. Siye inashikana na neno. Siye haionekanake lakini iko. Sarufi ilinishangaza kidogo, ilitakiwa kuwa "siye tuko", lakini nilifikiri ndivyo watu wanavyoongea na kompyuta, kwa kuwa haijui vizuri Kiswahili.

Jamani, ile furaha! Mama alikuwa ametuweka ndani. Siye watatu, Papa, mama na mimi, tumefichwa kwenye neno Pweto, na hata watu wengine wakiingizwa mbele yetu, Gracia na mama yake na ribbon zao zote, siye tunasukumwa pamoja, hatupotei, na anayetuuliza anaambiwa tulipo. Nilitoka chini ya meza nikaenda moja kwa moja mbele kumwambia Gracia.

"Siye tuko mu masini. Mweye hamuko."

Gracia alifikiri kidogo, akasema hata wao watatuma maombi. Siku ile tuliruka kamba pamoja kwa mara ya kwanza. Aliruka vizuri kuliko mimi, na nikamsamehe hilo pia. Usiku nililala kama jiwe.

Furaha hiyo ilidumu mpaka promoteur alipobadilisha mawazo, kama wafanyavyo. Crispin alirudi, safari hii akiwa na karatasi iliyokatwa kwa mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Sehemu ya Pweto ni ndefu mno, ameambiwa. Itoke yote. Mama alisonya, akavuta kipanya, maneno yote ya Pweto yakawa meusi juu ya kioo, kisha akabonyeza kitufe kimoja tu. Yakatoweka. Pale palipokuwa na Pweto pakaja maneno mengine yakajikaribisha kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu. Halafu mama akaiambia kompyuta itafute kurasa upya, na kila mahali palipokuwa na "tazama ukurasa" pakaandikwa kitu kwa herufi nene: *Erreur ! Signet non défini.* Yaani kosa, signet haijulikani.

Nilisoma polepole, kidole hewani. Erreur nililijua vizuri sana, kutoka kwenye madaftari yangu. Non nililijua. Lile la katikati nilikuwa bado nahangaika nalo mama aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya kazi:

"Voilà. Signet ya Pweto ilikufa."

Nililia kilio kilichomfanya Crispin adondoshe kalamu. Nilikumbatia ile kompyuta, shavu langu kwenye kioo chenye joto, nikapiga kelele kwamba Papa amekufa, Papa amekufa.

Mama aliruka kutoka kitini. Alinishika mabega akanigeuza, na uso wake ulikuwa umekauka. Sijawahi kuusahau. Haukuwa uso wa mtu anayenyamazisha mtoto. Ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari aliyoitarajia.

"Nani alikuambia? Numbi! Nani alikuambia vile? Ni nani alikuya?"

"Weye!" nilisema kwa kwikwi. "Ulisema siye ya Pweto ilikufa. Ulitufuta!"

Alinitazama. Akamtazama Crispin. Midomo yake ikarudia neno bila sauti: siye, signet. Kisha akaketi sakafuni palepale, akacheka mpaka akashika tumbo, akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kidogo baada ya kicheko kuisha. Crispin, masikini, alisema "pardon" mara kadhaa, ingawa hakuna aliyemlaumu.

"Kuya apa," mama aliniambia, akanipakata mbele ya kompyuta, jambo ambalo halikuruhusiwa kamwe. "Angalia. Masini haisahau mbio hivi." Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja na Pweto ikarudi yote, samaki na mitumbwi na masoko, kila neno mahali pake. Nilivuta pumzi ndefu mpaka mama akaisikia mgongoni mwangu. Nikamwomba asifute tena.

"Hatufute. Tunakata. Kufuta ni kuua, lakini kukata ni kubeba, unaenda kuweka fasi ingine." Akamgeukia Crispin. "Promoteur alisema itoke mu chapitre. Hakusema itoke mu kitabu. Tunaipeleka nyuma, mu annexe."

"Mu annexe?" niliuliza.

"Ee. Vitabu biko na annexe. Nyuma kabisa, kisha yote kuisha."

Aliinyanyua Pweto nzima, akateremka nayo hadi mwisho wa kazi ya Crispin, akaiweka. Kisha akauliza upya. Yale maneno mazito yakafutika moja baada ya jingine, na mahali pake namba zikatokea, namba kubwa za kurasa za mwisho. Kompyuta ilikuwa imeiona.

"Signet iko mu annexe," nilisema, sasa nikilitamka vizuri, sinye, kwa heshima.

"Iko mu annexe."

"Kama siye."

Mama aliweka kidevu juu ya kichwa changu.

"Kama siye," alisema.

"Na Papa? Yeye anajua mulango ya mbele tu."

"Papa yako hakushikana na mulango, Numbi. Alishikana na siye. Atauliza, na ataona."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefundisha, na mimi nilimwamini moja kwa moja, kama nilivyomwamini aliposema namba si ya neno. Niliacha kukaa kwenye ngazi za mbele. Nilirudi kuwa mtoto. Leo, nikiwa na umri aliokuwa nao, naona kwamba hakuwa akinieleza mimi peke yangu. Alikuwa na maneno ya bombani masikioni, mume asiye na simu, na kazi ya mtu mwingine ya kuimaliza kabla umeme haujakatika. Kitu alichokijua kwa hakika kilikuwa jinsi alama inavyoshika neno, basi akakishika hicho.

Papa alikuja Jumamosi mchana, mvua ilipokuwa imetoka kupita na ua umejaa madimbwi. Mimi na Gracia tulikuwa tunaruka kamba kando ya nyumba. Tulisikia hodi mbele. Gracia akaachia kamba akaenda kufungua, kwa kuwa ulikuwa mlango wake, na mimi nikamfuata kwa sababu sikuwa na mtu wa kunishikia upande wa pili.

Mama yake Gracia alitutangulia kufungua; mimi niliona mgongo kwanza. Shati ninalolijua, mwili mwembamba kuliko nilioujua, gunia linalonuka samaki begani. Alikuwa amesimama ngazini akimtazama mama yake Gracia, kisha pazia jipya, kisha ndani, pale ilipokuwa meza. Hapakuwa na meza. Na nikauona uso wake kwa pembeni ukishuka, kama mtu anayeteremka kwenye ngazi akakuta ngazi moja haipo. Katika hofu zangu zote niliwaza yeye akitukosa siye na kuingia tu kwa watu wengine, akivua viatu. Sikuwahi kuwaza kwamba angeogopa.

"Pardon, mama," alisema, na sauti haikumtoka vizuri. "Bantu baliikala apa... muke yangu, na mutoto... balienda wapi?"

Mama yake Gracia alifungua mdomo, lakini mimi nilimwahi.

"Papa. Siye tuko mu annexe."

Aligeuka. Gunia likaanguka kwenye dimbwi na hakuna aliyelijali. Alininyanyua kama wakati nilipokuwa mdogo zaidi, akaniuliza na mama, mama je, na nikamwonyesha kwa kidole, kule, ukipita mpapai. Hakunitua. Alikwenda nami hivyo hivyo, miguu yangu ikining'inia, viatu vyake vikipiga maji.

Mama alikuwa anapiga chapa. Alimwona akiinama kupita mlangoni, akaendelea kupiga maneno mawili au matatu zaidi. Nadhani mikono yake haikuwa imepata habari. Kisha ikasimama.

"Muliniogopesha," Papa alisema. "Kambo alipona, nikapanda kamiyo ya mizigo, nakuya mbio, napiga hodi... Niliwaza mulienda."

"Tuende wapi?" alisema mama. Alijaribu kucheka ikashindikana. "Baba Numbi, tuende wapi? Tuende wapi?"

Alilirudia hilo kwa sauti inayozidi kuwa ndogo, mpaka Papa akanitua na kuketi sakafuni karibu na kiti chake, mgongo ukutani, akiegemeza kichwa kwenye goti lake mama. Nilikimbia kumletea maji kwenye kikombe kizuri. Niliporudi alikuwa amelala, mdomo wazi, matope kwenye suruali yote. Mama aliniwekea kidole mdomoni. Akachomoa goti lake taratibu, akamwekea mto wa kiti, akasimama. Tangu tuhamie nyuma, mlango wa annexe ulikaa wazi kutwa nzima, mvua ikinyesha, vumbi likiingia kwenye printa, wateja wakinung'unika, na mama alikuwa akisema ni kwa ajili ya hewa. Alikwenda akaufunga.